Pembetatu Iliyoanguka: Neno kwa Wazazi Wenye Watoto Wadogo

Kama una mtoto wa miaka minne au mitano hapo nyumbani, weka gazeti hili chini kidogo. Chukua kijiti, umchoree pembetatu mchangani, kitako chini na ncha juu. Muulize, "Hii ni nini?" Pengine atakujibu vizuri, hasa kama amekwisha kuanza shule. Sasa ifute, uchore nyingine, ncha yake ielekee chini. Muulize tena. Jibu lake la mara ya pili ndilo ninalotaka kuzungumza nawe juma hili.

Nilikuwa Kinampanda, Wilaya ya Iramba, katika majira ya kuvuna alizeti. Wengi wenu mwapajua mahali hapo kwa sababu ya chuo chake cha ualimu, ambacho wamisionari wa Kilutheri walikianzisha kabla ya Uhuru na ambacho walimu wengi wa nchi hii wamepitia. Lakini mimi sikwenda chuoni. Nilifika nyumbani kwa bibi mmoja aliyekuwa akipepeta uwele uani, na mjukuu wake, msichana wa miaka mitano, alikuwa kando yake akicheza vumbini. Nikaamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia, akanipa kigoda.

Mtoto yule alikuwa darasa la awali, na kama watoto wote walioanza shule, alitaka mgeni ajue jambo hilo mapema. Akachora kwa kidole, akatangaza kwa sauti ya darasani, "Duara! Mraba! Pembetatu!" Zote zilikuwa nzuri. Nikamsifu. Kisha nikachora pembetatu yangu, ncha chini. Akaitazama, akainamisha kichwa mpaka shingo ikakaribia kupinduka, akasema, "Hii imeanguka."

Bibi yake akacheka sana. Nikamwuliza mtoto, "Je, ikiisha kuanguka, inakuwa nini?" Akafikiri kwa makini kama hakimu. "Si pembetatu tena."

Usimcheke, msomaji. Huyu si mtoto mjinga. Ni mtoto aliyefundishwa picha moja. Ukutani kwao darasani pana karatasi yenye maumbo manne, na pembetatu ya pale husimama daima kwa namna ile ile, pande zake zote sawa, kama mlima wenye kilele. Ameiona siku zote, ameikariri. Yeye ajua sura ya picha ile. Pembetatu yenyewe bado hajaijua. Ni kama mtu amjuaye jirani yake akiwa amevaa kanzu tu, na siku akimkuta amevaa suruali, ampita bila salamu.

Jambo hili limechunguzwa na watu wenye kujua. Katika nchi ya Uholanzi walikuwako mume na mke, wote wawili walimu wa hesabu, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof. Mwaka 1957 walimaliza maandiko yao katika Chuo Kikuu cha Utrecht, baada ya kuona jinsi wanafunzi wao walivyohangaika na somo la maumbo. Waliona kwamba mtu hupanda katika elimu hii kwa ngazi. Kwanza hutambua umbo kwa kulitazama zima zima: "Hili ni duara kwa kuwa lafanana na sahani." Baadaye ndipo huanza kuona sehemu zake, kwamba lina pande ngapi na pembe za namna gani. Hawezi kuruka ngazi. Tena hapandi kwa sababu ya kuongezeka umri tu, bali kwa sababu ya mambo anayopewa kuyafanya. Dina alifariki muda mfupi baada ya kumaliza kazi ile, lakini walimu wa nchi nyingi wangali wanaitumia hata leo.

Basi binti yetu wa Kinampanda alikuwa kwenye ngazi ya kwanza, na hapo ndipo mahali pake. Kazi ya wakubwa ni kumwekea mguu kwenye ngazi ya pili.

Pengine utaniambia, "Hiyo ni kazi ya mwalimu." Ni kweli, tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 darasa la awali limewekwa katika utaratibu wa shule zetu. Lakini wewe mwenyewe umepita dirishani pa darasa lile, umeona watoto walivyo wengi na mwalimu yuko peke yake. Atamshika kidole mtoto gani, amwache yupi? Na utasema tena, kama alivyoniambia yule bibi: "Mwanangu, mimi sikusoma. Hayo ya pembe sijui ngapi nitayapata wapi?" Nikamwambia, "Bibi, umeyakalia na unayapepetea." Maana alikaa juu ya ngozi ya ng'ombe kando ya mafiga yake, na mkononi ameshika ungo.

Haya, tutazame vitu vya nyumbani kimoja kimoja, lakini tusiende haraka.

Duara ndilo rahisi. Walio wengi hulitambua mapema kuliko maumbo mengine. Ungo, mdomo wa chungu, sahani, kichwa cha alizeti, sarafu ya shilingi 200. Mpe mtoto aupitishe mkono wake ukingoni mwa ungo, azunguke mpaka arudi alipoanza. Mkono haukukutana na kona hata moja. Hilo lamtosha mdogo. Lakini mwenye miaka sita au saba mwonyeshe mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi. Amekula majani yote aliyoweza kuyafikia, na mahali alipokula pamekuwa duara. Kwa nini? Kwa kuwa kamba ni ile ile pande zote, na kigingi ki katikati. Kisha funga kijiti kwenye uzi, mwache mtoto awe mbuzi mwenyewe, achore. Hatasahau tena, na wewe huenda ukacheka kidogo.

Hapo nitie neno. Watu huwaambia watoto kuwa yai ni duara. Yai si duara, wala maharagwe si duara. Mtoto akisema hivyo usimkemee, ila mwulize, "Laweza kubingirika sawasawa kama sarafu?" Ajaribu mwenyewe sakafuni. Kitu kisicho duara humfundisha duara vizuri kuliko duara kumi.

Sasa pembetatu. Hapa pana kikwazo cha lugha, nacho hatukitazami. Kwa Kiswahili neno pembe ni la ng'ombe, ni la chumba, na ni la umbo. Mtoto aliyekulia zizini husikia "pembe tatu" akatafuta mnyama gani huyo mwenye pembe tatu. Tena watoto wa Iramba wengi huzungumza Kinyiramba nyumbani, na maneno kama mraba, mstatili na duara ambayo Kiswahili kiliyapata katika Kiarabu, wao huyasikia mara ya kwanza darasani. Basi usione haya kumweleza mtoto kwa lugha ya mama yake kwanza. Mwambie kona ni mahali njia mbili zinapokutana. Ashike kwa kidole: "Hapa pachoma kidogo." Akiisha kuijua kona, jina la Kiswahili litakuja lenyewe kama nguo juu ya mwili.

Na mafiga je? Jiko la mama lina mafiga matatu. Nyosha kamba kutoka figa hadi figa mpaka uliporudi, mtoto aone: pande tatu zilizonyooka, kona tatu, na njia imefungwa. Sasa mwambie asimame upande wa mlango, aitazame. Asimame upande wa zizi, aitazame. Aje upande wa ghala. Kila mahali aonapo pembetatu ile ile imekaa namna nyingine. Je, mafiga yameanguka? La, ni yeye aliyezunguka. Kisha sogeza figa moja mbali, pembetatu iwe nyembamba na ndefu mfano wa mwiba. Mwulize kama bado ni pembetatu. Hesabu naye pande: moja, mbili, tatu. Hesabu kona. Bado ni pembetatu, ijapokuwa mbaya wa sura.

Mwonyeshe pia zile zisizo pembetatu. Chora yenye upande mmoja uliopinda kama upinde. Chora nyingine ambayo pande zake hazikufungana, kama zizi ambalo mtu amesahau kulitia mlango. "Ng'ombe watatoka?" Watatoka. Basi si pembetatu. Mtoto wa mfugaji hahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Na kama shule i karibu, nendeni mkaitazame bendera ya Taifa. Mtoto huiona kila siku wala haioni. Ule mstari mweusi wenye kingo za manjano hupita kutoka chini karibu na mlingoti hadi juu upande wa pili, na hukata bendera ikabaki kijani juu na buluu chini. Kijani ni pembetatu, buluu ni pembetatu, zote mbili ni sawa, ila moja imegeuzwa. Tangu mwaka 1964 pembetatu "iliyoanguka" imekuwa ikipepea juu ya vichwa vyetu.

Kwa wale wakaao karibu na barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, jambo hili si la darasani tu. Alama ya pembetatu yenye ukingo mwekundu, ncha juu, humwonya dereva kwamba mbele pana hatari. Alama ya pembetatu ncha chini humwamuru apishe wengine. Kila moja ina neno lake. Mtoto wa leo ndiye mwendesha pikipiki wa kesho kutwa, na siku hizi hiyo kesho kutwa haikawii.

Nitoke kidogo nje ya njia, niwaeleze mkasa wangu, kwa maana mimi mwenyewe nilijifunza habari za maumbo kwa hasara.

Nilipojenga nyumba yangu ya kwanza nilimtafuta fundi mmoja, mtu mwema na mwepesi wa kazi. Tulikubaliana nyumba ya mita 9 kwa 6. Akapima kwa kamba: upande huu 9, ule wa mkabala 9, huu 6, na ule 6. Nami nilisimama pale nikatikisa kichwa kama mtu ajuaye. Tukachimba msingi, tukapandisha kuta za matofali. Siku ya kuezeka, bati la kwanza likawekwa, la pili, la tatu. Tulipofika mwisho tukaona kona moja ya ukuta iko wazi, nusu mita nzima, na uwazi ule ukapungua kidogo kidogo kama kabari mpaka ukaisha kona ya pili. Kichwa cha ng'ambo, kadhalika, bati limetokeza nje kabari kama hiyo. Fundi akapima upya pande zote nne. Zote zilikuwa sawasawa, 9 na 9, 6 na 6! Tukatazamana kama watu waliorogwa.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita ndiye aliyetuambia tupime kutoka kona hadi kona ya mkabala, kupitia katikati ya nyumba. Mara moja tukapata mita 11 na sentimita 20. Mara ya pili mita 10 na sentimita 40. Nyumba ilikuwa imelala upande, kama kasha la karatasi lililosukumwa. Pande zilikuwa za mstatili, lakini pembe hazikuwa za mstatili. Nilinunua bati za ziada kwa fedha ya kukopa, na mvua ya kwanza iliingia katika kona ile ile nilipoweka gunia la mahindi.

Fundi yule alikuwa mtoto zamani, akaambiwa kwamba mstatili ni "kile kirefu, pande hizi sawa na pande zile sawa". Hakuna aliyemwonyesha pembe. Nami vilevile. Ndiyo sababu nawasihi msiishie kumwambia mtoto kwamba mstatili ni kitu kirefu.

Mwambie hivi. Mstatili una pande nne, na kila pembe yake ni kama pembe ya daftari. Mlango, tofali likilazwa, mkeka, kanga ikitandazwa, ile tembe ya zamani ya mikoa yetu ya kati ukiitazama paa lake toka kilimani. Nyumba ya msonge ni duara chini, na tembe ni mstatili. Bibi na babu waweza kumsimulia mtoto tofauti ya kulala katika hii na ile.

Na ukitaka kifaa cha kupimia pembe, huhitaji kununua. Chukua karatasi yoyote, hata hili gazeti utakapokuwa umekwisha kulisoma (wala si kabla). Ikunje mara moja popote upendapo, upate mkunjo ulionyooka. Kisha ikunje tena, ule mkunjo wa kwanza ulale juu yake wenyewe sawasawa. Kona uliyoipata ni pembe mraba kamili, ijapokuwa karatasi yenyewe ilichanika ovyo ovyo. Mpe mtoto aende nayo nyumbani mote: kona ya meza yaingia? Ya dirisha je? Ya kitanda alichochonga baba? Hapo baba ajiandae kwa aibu kidogo.

Watoto wakubwa, wa darasa la nne na kuendelea, wafundishe na ile ya kamba. Funga fundo kwenye kamba ili upate vipande 12 vilivyo sawa, uunganishe ncha zake. Watoto watatu waivute: upande mmoja vipande 3, wa pili vipande 4, wa tatu vipande 5. Kona iliyo kati ya 3 na 4 itakuwa pembe mraba. Fundi wa kweli hupima vivyo hivyo msingini, mita 3 huku, mita 4 huku, na kati ya ncha zile lazima zipatikane 5. Laiti ningalijua mapema.

Mraba sasa ni mwepesi. Ni pembe zile zile za daftari, na pande zote nne sawa. Debe la bati tulipimialo nafaka, utazame chini yake: hapo pana mraba. Utazame ubavu wake: pana mstatili. Kitu kimoja, maumbo mawili. Kiraka cha kaptula mama akikikata vizuri ni mraba. Lakini hapa pia usimfundishe mtoto picha moja. Ugeuze mraba usimame kwa kona, naye atakuambia kwamba umekuwa kitu kingine, almasi au tiara. Mrudishe kwenye kazi ya kuhesabu na ya kupimia karatasi. Kisha ageuze mwenyewe.

Mtoto mwenye akili kali aweza kukuuliza, "Je, mraba nao si mstatili? Una pande nne na pembe za daftari." Ukweli ni kwamba mraba ni mstatili wa namna yake, ambao pande zake zote zimekuwa sawa. Mtoto wa miaka mitano usimsumbue kwa hilo. Lakini asipokuuliza usimwambie neno lililo kinyume, na akikuuliza usimnyamazishe. Nimesikia watu wakubwa wakimjibu mtoto, "Nyamaza, mraba ni mraba." Huyo aliyenyamazishwa ndiye aliyekuwa amekwisha kupanda ngazi ya pili, nasi twamshusha.

Kuna mchezo mmoja ambao nimeona watoto wakiupenda kuliko yote. Kata fito saba zilizo sawa. Funga tatu kwa kamba kwenye ncha, upate pembetatu. Funga nne, upate mraba. Mpe mtoto asukume. Mraba utalala upande mara moja, kama nyumba yangu. Pembetatu haitaki, asukume, avute, aikalie, imekaa vile vile. Mwache ashangae. Kisha funga ufito wa nane, ulio mrefu zaidi, katika ule mraba, kutoka kona hadi kona, asukume tena. Umekaza! Kwa nini? Tazama: mraba umekuwa pembetatu mbili. Hapo mwinue macho, aone kenchi za paa la kanisa au la shule, pembetatu juu ya pembetatu. Mpeleke kwenye mlango wa zizi ulioinama kwa kukosa ubao wa kukingama. Na mwambie mkaurekebishe wote wawili, kwa maana tangu mwaka jana umesema utaurekebisha.

Usidhani kwamba kujifunza kwa mikono namna hii ni kwa watoto wa shamba waliokosa vitabu. Maria Montessori, yule daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, mtaa wa wafanya kazi maskini. Aliwapa watoto vibao vya maumbo, duara, mraba, pembetatu za namna nyingi, na kila kibao kina tundu lake la kuingia. Watoto walipitisha vidole ukingoni, wakafumba macho, wakatambua umbo kwa kugusa tu. Duara haliingii tundu la mraba. Kibao chenyewe chamwambia mtoto kwamba amekosea, wala hapana haja ya mtu kumgombeza. Siku hizi wenye fedha hununua vibao hivyo kwa bei kubwa. Wewe waweza kuchonga kwa ubao wa sanduku, au ukaviringisha udongo wa mfinyanzi ukaukata kwa kisu, ukauanika.

Jambo la kugombeza lina uzito kuliko twavyodhani. Mtoto aliyesema "imeanguka" amesema kweli kwa kadiri ya macho yake. Ukimwambia "mjinga wewe," atajifunza mara moja, lakini atakachojifunza ni kwamba hesabu si yake. Nimewaona wengi waliokatwa hapo, wasichana hasa, na hawakurudi. Akikosa, mwulize, "Umejuaje?" Neno hilo moja tu. Ukimwuliza hivyo mara nyingi atazoea kutafuta sababu, na akipatia pia mwulize. Robo saa yatosha, wakati maharagwe yakiwa motoni. Akichoka, mwacheni akacheze.

Siku ile Kinampanda nilimwambia bibi yule sehemu tu ya haya, maana jua lilikuwa linashuka nami nilikuwa na safari ya Kiomboi. Alinisikiliza huku akipepeta. Kisha akaweka ungo chini, akamwita mjukuu wake kwa Kinyiramba. Akamwonyesha mafiga, akamwongoza azunguke, mara moja, mara mbili, naye mtoto akihesabu kwa kidole kila alipopita. Alipofika upande wa zizi akasimama. Akayatazama mafiga muda mrefu. Akarudi mbio kwenye ile pembetatu yangu vumbini, ambayo kuku walikuwa wamekwisha kuikanyaga nusu, akaenda ng'ambo ya pili yake, akachuchumaa.

"Bibi," akasema, "ukija huku, imesimama."

"Umejuaje?" bibi akamwuliza, akinitupia jicho.

Mtoto akahesabu: moja, mbili, tatu.

"Haya basi," bibi akasema, "niondokee hapo jikoni, niinjike chungu."